Barua ya Wazi kwa Kamati za Uinjilisti za Karatu na Ngorongoro

YAH: VITA DHIDI YA KUTOAMINI

Kutoamini, kadiri kunavyoelezwa kwenye mikutano ya injili, ni ugonjwa wa kuja. Huingia kwa simu, hushambulia vijana kwanza, na hutibiwa kwa spika na jenereta. Kamati zinastahili pongezi kwa uchunguzi huo, kwani umeziepusha na kazi ya kutazama ndani ya wilaya zenyewe.

Maswali makongwe zaidi ya eneo hili hayakuletwa na simu. Yalichimbwa Olduvai, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus Julai 1959, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Mumewe, Louis, alizaliwa katika misheni ya Kabete, Kenya, na ujanani alikusudia kuwa mmisionari kama wazazi wake. Mwongoza watalii wa Karatu huyataja mamilioni hayo wiki nzima. Jumapili, asipokuwa safarini, huketi kanisani akasikia habari za siku sita za uumbaji, wala hakuna anayemuuliza anazipatanishaje. Pengine inahofiwa kwamba atajibu.

Kamati zinaamini pia kwamba shule na zahanati huzaa imani zenyewe. Jambo hilo lilishapigiwa hesabu Loliondo. Mei 1966 padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alimwandikia askofu wake kwamba misheni ina shule, ina hospitali ndogo, inaelewana vizuri na Wamaasai, na haina Mkristo hata mmoja wa Kimaasai aliye mtu mzima anayeishika dini. Aliomba ruhusa ya kuyaacha hayo yote na kwenda kwenye maboma kuzungumza habari za Mungu tu. Akawa anafika asubuhi na mapema, kabla ng'ombe hawajatolewa. Baada ya mwaka wa mafundisho alitaka kuwachagua wanaostahili ubatizo, na mzee Ndangoya akamzuia: wavivu walisaidiwa na wenye bidii, wazito wa kuelewa walisaidiwa na wepesi, kwa hiyo yeye mzee angetamka imani kwa niaba ya wote. Padre alikubali. Kitabu chake kuhusu mazungumzo hayo kilitoka 1978. Kamati hazilaumiwi kwa kuendelea kujenga. Jengo huwekewa jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi. Mazungumzo hayana pa kuliweka.

Kuhusu msomi wa kisasa, anayedaiwa kutoamini kitu, ushahidi bora upo kijiji cha Samunge, hukohuko Loliondo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Wakulima walifika, na mawaziri, wabunge na wasomi wakafika pia; foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, na wenye uwezo walishuka kwa helikopta. Baadhi ya wagonjwa waliacha dawa za UKIMWI. Yule msomi asiyeamini kitu, anayekemewa kila mkutano, hakuonekana katika foleni ile. Aliyejaa pale ni msomi anayeamini chochote, mradi kiwe cha haraka na bei nafuu. Semina juu ya huyo haijaandaliwa, na sababu inaeleweka: ndiye mtoaji mzuri wa sadaka.

Ombi ni dogo na halina gharama ya jukwaa. Waongoza watalii hujaza mafuta Karatu alfajiri, kabla ya kupanda kuelekea Loduare, geti la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro. Mwinjilisti mmoja mwenye masikio, asiye na kipaza sauti, angeweza kuwawahi hapo kama Donovan alivyowawahi wenye ng'ombe, akauliza kuhusu yale mamilioni, kisha akanyamaza asikilize. Kamati zikiona hilo ni jipya mno, ratiba ya mkutano ina kipengele cha maswali tayari. Kiko mwishoni, baada ya sadaka, matangazo na picha na mgeni rasmi, muda ukiruhusu.