Samaki Wasio na Msimamo

Huku Makueni mbuzi akiibwa, mwenyewe huenda kwa chifu akatoa maelezo: mweupe, doa jeusi sikio la kushoto, miguu ya nyuma ya kahawia. Alizaliwa hivyo na atachinjwa hivyo. Kesi hiyo haina maneno mengi.

Sasa jaribu kumshtaki mwizi wa pono! Nahodha wa mashua ya kioo alinipeleka kwenye matumbawe ya Malindi, hifadhi tangu 1968. Akapita samaki wa kijivu aliyepauka, nikaambiwa pono. Akaja wa kijani na buluu, midomo ya waridi kama bibi harusi, pono vilevile. Nikahisi mzee ananichezea kwa vile natoka bara. Kumbe wa kijivu aghalabu ni jike, na dume likitoweka, jike kubwa hugeuka dume na kubadili mavazi yote. Utamwambia nini chifu?

Kitatange naye, yule mkubwa wa mistari ya manjano, utotoni ni wa buluu nzito na miduara myeupe. Wataalamu wenyewe waliwahi kumwandikisha kama samaki wawili.

Na bado hatujafika kwa matapeli. Kipo kisamaki chembamba chenye mstari mweusi ubavuni, kazi yake kuwatoa wenzake wadudu mwilini. Hata chewa humfunulia kinywa. Pembeni yuko mwingine, sare ileile, mstari uleule. Huyo akikaribishwa ananyofoa kipande cha pezi na kutoweka. Kwetu watu wa aina hiyo huonekana mwaka wa kura.

Nilipolalamika kwamba maji yana tope, sioni hata doa, nahodha akanijibu bila kunitazama, "Udongo wenu huo, Mkamba."

Ni kweli, na ndiyo inayoniudhi zaidi. Mto Athi hutenganisha Kitui na Makueni, huko mbele ukaitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwaga baharini kaskazini tu mwa Malindi. Kaskazi ikivuma, tope linasukumwa kusini hadi kwenye matumbawe. Matuta ya fanya juu nimechimba, nyasi nimepanda, na bado mvua ikipiga shamba linashuka pwani bure. Mimi nikitaka kwenda kulitazama, nalipa nauli ya gari, kisha ya mashua.