Mkurugenzi Asiye na Nauli

Nyumbani kwetu Bariadi hakuna anayeumwa jino. Dawa ya meno tuliyonayo ingetosha Itilima nzima, tena ni ya shilingi 25,000 kwa boksi moja. Wakala ni mke wangu. Mteja wake mkubwa ni mimi, na tangu wadogo zake waanze kumkwepa, nimebaki peke yangu.

Biashara yenyewe ni ile ya mtandao: unanunua kifurushi cha kuanzia, unaingiza watu chini yako, unakusanya pointi. Zisipotimia, daraja linashuka. Ili lisishuke, unajiuzia mwenyewe. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi napiga mswaki kwa juhudi ya ajabu.

Msiichanganye na DECI, iliyofungwa mwaka 2009, ambako watu walipanda “mbegu” za fedha wakangoja kuvuna. Huku bidhaa ipo. Ipo mpaka chini ya kitanda.

Wateja wa hapa nao wana kalenda yao. Mama mmoja wa mnadani alichukua sabuni, akaahidi kulipa pamba ikiuzwa. Pamba ilipouzwa, akaleta debe la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Mke wangu akalipokea, akaandika daftarini: “Mauzo.” Tuliipika na karanga. Ukiacha dawa ya meno, hiyo ndiyo faida pekee iliyowahi kufika kinywani mwangu.

Kisha akaenda semina Mwanza, akapandishwa jukwaani, akaitwa mkurugenzi, akapigiwa makofi. Nauli ya kurudi nilimtumia mimi kwa simu.

“Mama Kulwa, faida iko wapi?”

“Baba Kulwa, wewe una mawazo ya kuajiriwa.”

Basi nikafungua Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Inasema shughuli ambayo, ukitazama asili yake na kazi kuu ya mwenyewe, haifanywi kwa nia ya kupata faida, hiyo si biashara. Kazi kuu ya mke wangu ni ualimu. Nikamsomea kwa sauti ya hakimu.

“Nia ninayo,” akasema. “Kinachokosekana ni faida.”

Hapo alinishika, maana sheria inauliza nia, haiulizi daftari. Lakini mimi nimeliona daftari. Biashara ambayo mnunuzi wake mkuu ni mume wa muuzaji, kwa fedha ya mume huyohuyo, ni matumizi ya nyumbani, na iandikwe hivyo.