Kompyuta Bubu
Mpwa wangu wa Meru aliniapia kwamba Ubuntu, programu endeshi ya kompyuta, ni ya bure na jina lake ni neno letu sisi Waafrika, yaani utu. Nikampelekea laptopu yangu ya mitumba. Ikarudi Embu kwa matatu ikiwa safi, nyepesi, na bubu kama jiwe. Utu gani huo?

Mimi Mmeru niliyeoa Embu nikabaki huku huku. Jioni sitaki makuu: nataka Muuga FM inisemeshe Kimeru kupitia intaneti, basi. Fundi mmoja mjini aliitazama mashine kwa dakika moja akasema kadi ya sauti imeungua, niandae elfu tatu. Nikampigia mpwa.

“Mjomba, andika aplay -l.”

Kadi zikajitokeza, zote nzima. Kumbe sauti ilikuwa inapelekwa HDMI, kwenye televisheni. Televisheni yenyewe sina! Wiki nzima nilikuwa namtangazia nani?

Tukairudisha kwenye spika. Kimya. Ndipo mpwa akaanza kunisomea ukoo: chini kabisa yuko ALSA, anayeongea na kadi, juu yake alikaa PulseAudio, lakini tangu toleo la Ubuntu la Oktoba 2022 kiti hicho amekikalia PipeWire. Nikaona hii sasa ni ofisi ya kaunti, kila meza inakutuma meza nyingine na mwenye muhuri ameenda chai.

Tukafungua alsamixer, pa kupandishia na kushushia sauti: milingoti iliyosimama kama mikaratusi. Chini ya mlingoti wa spika pameandikwa MM, maana yake imezibwa mdomo. Unabonyeza M, inageuka 00, imefunguliwa. Nikabonyeza. Nikapandisha kila mlingoti hadi 100, hata ile nisiyoijua kazi yake. Kimya! Torvalds alianza Linux, mzizi wa hiyo Ubuntu, mwaka 1991. Miaka yote hiyo, na mimi nimeshindwa kusikia hata matangazo ya vifo.

“Mjomba, Auto-Mute imewashwa? Mashine inadhani umechomeka hedifoni, ndiyo maana inanyamazisha spika.”

Hedifoni zangu ziliibwa stendi mwaka jana. Nikamulika tundu kwa tochi ya simu. Ndani kulikuwa na kitu. Nikachokoa kwa sindano ya mke wangu, Mama Muthoni, polepole, nikatoa kipande cha kijiti, nikakiweka mezani.

Muuga FM ikalipuka. Ilikuwa saa tano usiku, milingoti yote iko 100, na mtangazaji wa Kimeru akaamsha ploti nzima ya Waembu. Mbwa wakaitikia. Nilipopata kitufe cha kuzima, Mama Muthoni alishasimama mlangoni na leso yake.

Kelele hakuziuliza. Alikiokota kile kijiti, akakigeuza-geuza kwenye mwanga wa taa, akakinusa. Mimi miraa niliapa kuiacha tangu Januari, mbele ya mamake.

“Baba Muthoni,” akasema, “na hiki nacho ni draiva?”