Mgeni Mwenye Mkia: Namna ya Kumlea Mbwa wa Mwaloni Mpaka Apate Kwao

Usitafute geti. Hapa Ilagala, kando ya Ziwa Tanganyika, hakuna nyumba yenye vizimba na karani wa kukuandikia risiti, kama ile ya KSPCA Nairobi au kituo cha Mbwa wa Africa kule Usa River, Arusha. Mbwa wetu waliotupwa wako mwaloni. Nenda alfajiri, boti zikirudi na taa zimezimwa, akinamama wakianza kuanika dagaa mchangani. Utawaona wamejipanga nyuma ya safu ya mwisho ya dagaa, masikio yamelala, wakingoja mtu ageuke.

Chukua mmoja. Moyo utakwambia watatu, lakini moyo haununui unga.

Kabla hujamgusa, uliza. Mbwa wa huku havai mkanda wenye jina, kwa hiyo kumbukumbu zake ziko kwa mama anayeanika karibu naye. "Shikamoo mama, huyu ana mwenyewe?" Akikujibu "huyo ni wa wote", jua hana mtu. Akikwambia mwenyewe amesafiri, rudi nyumbani uangalie mbingu. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, basi wengi hupumzika na wengine huenda kwao. Mbwa hubaki pale pale mtumbwi ulipomwacha. Mpe mwenyewe nafasi mpaka giza lirudi. Giza likirudi na mtu hakurudi, mbwa huyo ni wako wa muda.

Ndiyo maana mwaka 2024 ulikuwa mgumu kwa mbwa hawa. Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Ni uamuzi niliouunga mkono na ninauunga mkono hadi leo. Lakini mbwa aliyekulia kwenye vichwa vya migebuka hakusomewa tangazo lile. Mwalo usio na samaki hauna makombo, na mbwa mwenye njaa ataijua tu njia ya banda la kuku. Akishaijua, fimbo hutoka, na baada ya fimbo hutoka sumu. Ukitaka kujua msimu wa kuanza kazi hii, ni huo.

Sasa kamba, na hapa naomba usome polepole. Niliwahi kumchukua jike mmoja wa rangi ya mchanga, mpole, aliyekuwa akinuka vibaya kiasi kwamba nilidhani amelalia samaki aliyeoza. Nilipompapasa shingoni vidole vilizama. Ndani ya manyoya mlikuwa na kamba ya manila, kipande cha kamba ya nyavu, kilichofungwa alipokuwa mtoto. Yeye alikua, kamba haikukua. Nyama ilikuwa imeifunika juu, na fundo peke yake ndilo lililochungulia, kijani, chini ya sikio la kushoto. Bwana mifugo aliikata kwa mkasi mdogo, akaivuta taratibu kwa koleo, na ile harufu ikajaa uwanjani. Jike yule hakuuma mtu. Alitetemeka miguu ya nyuma tu, akamlamba bwana mifugo mkono.

Kwa hiyo usimfunge mbwa kwa kamba ya nyavu hata kwa dakika tano za kumvusha barabara. Chana kitenge kikuukuu, kisokote, acha nafasi ya vidole viwili kati yake na shingo. Akiwa bado mtoto, pima vidole hivyo kila Ijumaa.

Siku ya kwanza mpe maji na kivuli, basi. Usimwogeshe. Usimlete ndani watoto wamzunguke kama maigizo. Chakula kiwe kidogo mara nne: ugali wa muhogo uliolainishwa kwa mchuzi wa dagaa unatosha. Mbwa aliyekaa na njaa ndefu akijazwa sahani moja kubwa atatapika yote, nawe utasema hajui kushukuru. Migebuka itoe mifupa kwanza. Angalia katikati ya vidole vya miguu kama kuna funza, na ndani ya masikio kama kuna kupe. Kupe mvute akiwa mzima kwa kibano, usimchome kwa kiberiti.

Siku ya pili nenda kwa afisa mifugo wa kata. Utakachokitaka kwake ni chanjo ya kichaa cha mbwa na kadi yake. Minyoo nayo itibiwe siku hiyo hiyo. Hapa sina mzaha hata chembe. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, mtu huyo karibu hakika atakufa, na kwa sehemu kubwa kabisa ugonjwa huu huletwa na mbwa. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa kwanza mwaka 1885, dawa ya kumwahi aliyeumwa ipo. Kinachotuua ni kuchelewa. Mbwa akikuparura au kukung'ata, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, usingoje kuona mbwa ataendeleaje. Na kwa kuwa hujui alikopita, mtenge na watoto kwa miezi ya mwanzo hata kama amechanjwa. Akibadilika sauti, akashindwa kumeza, akatoka udende na kuuma hata nguzo, kaa mbali na umwite bwana mifugo.

Atatokea mtu wa kukwambia dawa ya haya yote ni risasi. Mjibu kwa adabu. Mbwa mmoja akiuawa, nafasi yake kwenye makombo hujazwa na watoto wa mwingine, wote hawajachanjwa. Kinachokata mnyororo wa ugonjwa ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali na kurudia. Wenzetu wa Pemba waliuondoa ugonjwa kwa kampeni za chanjo, ukawarudia, wakauondoa tena kwa njia ile ile. Mbwa wako mmoja mwenye kadi anaingia kwenye hesabu hiyo.

Atatokea pia jirani wa kukuuliza kama umekosa mtoto wa kumlea. Huyo mwambie habari ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliyefika Gombe mwaka 1960, hapo kaskazini mwa Kigoma. Mpaka uzeeni alisimulia kwamba mwalimu wake wa kwanza kuhusu akili za wanyama alikuwa mbwa aitwaye Rusty, aliyekuwa naye utotoni Bournemouth, Uingereza. Na Rusty hakuwa mbwa wao. Alikuwa wa hoteli ya jirani.

Ukiwa Mwislamu, au ukiishi na Waislamu, kama ilivyo kwa wengi wetu kuanzia huku hadi Ujiji, jenga kibanda chake nje, mbali na mahali pa kuswalia na mbali na njia ya kwenda kisimani. Tenga chombo chake cha kulia kisichochanganywa na vya nyumbani. Mate ya mbwa ni najisi nzito, na namna ya kutwaharisha inajulikana: mara saba, moja kwa udongo. Hayo yote yanawezekana kwa ndoo moja na mpango mzuri. Mbwa wa kulinda na wa mifugo ana ruhusa yake, na shehe atakayekufundisha habari ya najisi ndiye atakayekufundisha habari ya mtu aliyeteremka kisimani akachota maji kwa kiatu chake ampe mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Nimeona wazee wa kanzu wakisukuma bakuli la maji kwa ncha ya mkongojo hadi kibandani. Mkono haukugusa, mbwa alikunywa.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mbwa ni kazi, na kazi ndiyo itakayompatia kwao. Mzoeze kulala mlangoni, kunyamaza akiona kuku, kuja akiitwa. Jina lake liwe fupi na lisiwe na ugomvi. Najua tulivyo: tukigombana na jirani tunamwita mbwa "Watasema" au "Hamniwezi", kisha tunamwita kwa sauti kubwa jioni. Mbwa wa kupita hafai kubeba jina hilo, maana utakapomtoa utakuwa umemrithisha mtu ugomvi usio wake. Mwite Simba, mwite Popi, apite salama.

Kutafuta mwenyewe ndiyo kazi yenyewe, mengine yote yalikuwa maandalizi. Dume hupata mtu upesi. Jike hukataliwa kwa hofu ya watoto, kwa hiyo zungumza mapema na daktari wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi, hata kama itabidi umfuate mjini Kigoma, na nauli yake ianze kuwekwa siku ya kwanza. Wanaomhitaji mbwa kweli wako mashambani: mwenye mahindi yanayoliwa na nyani na ngedere, mwenye mbuzi, mjane anayelala peke yake ng'ambo ya Mto Malagarasi. Usimpe mtu anayekwenda kuishi ndani ya hifadhi, maana mbwa haruhusiwi humo. Na mvuvi wa kuhamahama umwulize kwanza: ukihama kambi, huyu anapanda mtumbwi?

Uliza pia nani atapika siku mama akiwa amesafiri, na mbwa atalala wapi masika. Anayekasirika kwa maswali hayo, mwache aende. Tangu mwaka 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama inayomtaka mwenye mnyama amtunze, na wewe hudai zaidi ya hapo.

Akipatikana, mpeleke wewe mwenyewe, kwa miguu ikiwezekana, ili njia aijue kwa pua. Mkabidhi na kadi ya chanjo, tarehe ya kurudia imezungushiwa duara, na kitenge alichokilalia. Usirudi wiki ya kwanza. Atakapokulilia nyuma yako, kaza mwendo.

Mwezi ukiisha, pita bila kutoa taarifa. Angalia shingo kwa mbali. Angalia kama bakuli lina maji. Na akikurukia kwa kubweka kabla upepo haujampelekea harufu yako, usimwite jina. Simama nje ya ua, piga hodi, ungoje mwenye mbwa atoke amnyamazishe.