Hotuba ya Bingwa wa Makutano ya Reli na Barabara

Treni hutokea ghafla. Juu ya maneno hayo matatu Bingwa anayewahutubia leo amejenga taaluma nzima, na kwa kuwa hakikupatikana chuo cha kumtunuku shahada, alijitunuku mwenyewe. Wanaomjua humwita Profesa. Wasiomjua humwuliza kama ana leseni ya udereva, swali ambalo Bingwa huliona la kitoto.

Hoja yake haina ugumu. Gari lina adabu: linakata kona, linarudi nyuma, linampisha hata mbuzi. Treni haimpishi mtu. Kwa hiyo vikigongana, mwenye kosa ni yule asiyejua kukwepa. Isitoshe, mashahidi wapo. Madereva walionusurika wamesema miaka nenda miaka rudi kwamba hawakuona kitu wala hawakusikia kitu, na treni haijawahi kupanda kizimbani kuwakanusha.

Mpaka walipotokea watu na kamera zao.

Kamera yenyewe ni kitu kidogo tu kinachofungwa nyuma ya kioo cha mbele cha kichwa cha treni, kikitazama reli saa zote na kurekodi picha pamoja na muda. Inasaidiana na kinasa matukio, kisanduku kinachohifadhi mwendo wa treni, breki ilishikwa lini na honi ilipigwa lini. Nchini Marekani kanuni inamtaka dereva wa treni aanze kupiga honi sekunde 15 hadi 20 kabla ya kufika makutano: milio mirefu miwili, mfupi mmoja, kisha mrefu tena mpaka kichwa cha treni kiingie barabarani. Sauti isipungue desibeli 96 ikipimwa futi 100 mbele ya treni. Bingwa aliposomewa kanuni hiyo alitoa fatwa kwamba mtu aliyefungulia muziki mzuri garini mwake hawezi kulazimishwa kusikiliza kelele za wengine.

Basi twende naye Midland, Texas, tarehe 15 Novemba 2012. Palikuwa na gwaride la kuwaenzi wanajeshi waliojeruhiwa vitani. Mashujaa hao na wake zao walikaa kwenye viti juu ya tela la lori, bendera zikipepea, polisi wakisindikiza msafara. Treni ya mizigo ikaja kwa karibu kilomita 100 kwa saa. Wachunguzi walipooanisha picha za kamera ya mbele na takwimu za kinasa matukio, waliona kwamba taa za makutano zilianza kuwaka kama sekunde 20 kabla ya mgongano, na lori liliingia relini zikiwa tayari zinawaka. Wanajeshi 4 walikufa, watu waliorudi nyumbani wakiwa hai kutoka vitani.

Hapo Bingwa hushangilia: gwaride lina heshima kuliko treni! Bodi ya usalama wa usafirishaji ya Marekani, NTSB, haikuona hivyo, lakini pia haikumbebesha dereva wa lori zigo lote. Ilisema jiji na waandaaji hawakuzitathmini hatari za njia waliyoichagua, na dereva aliamini kuwa msafara umeshafungiwa barabara zote. Anayeishi katika miji ambayo king'ora cha msafara hufukuza daladala hadi mtaroni ataielewa imani hiyo bila kufafanuliwa. Ila reli haijui king'ora ni cha nani.

Kuhusu breki, Bingwa hushauri treni "ikanyage tu". Treni ya mizigo ya Marekani iliyo katika mwendo wa kilomita 90 hivi kwa saa huhitaji zaidi ya kilomita moja na nusu ili isimame. Ndiyo maana picha nyingi za kamera hizi huchosha roho kuzitazama: breki ya dharura imeshavutwa, honi inalia, gari liko palepale mbele likizidi kuwa kubwa, na dereva wa treni hana usukani wa kupinda.

Sayansi nayo Bingwa haidharau, mradi imtumikie. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Herschel Leibowitz aliandika kwamba jicho hudanganywa na vitu vikubwa: kadiri kitu kilivyo kikubwa ndivyo kinavyoonekana kwenda polepole kuliko mwendo wake halisi. Ndivyo dereva anavyoiona treni kwa mbali na kujiambia atawahi. Kutokana na utafiti huo Bingwa amependekeza treni zipunguzwe unene.

Lakini kuna mahali ambapo, kwa bahati tu, Bingwa hukaribia ukweli. Tarehe 27 Juni 2022, karibu na Mendon, Missouri, treni ya abiria ya Amtrak iliyokuwa ikitoka Los Angeles kwenda Chicago ililigonga tipa lililobeba mawe. Treni ilikuwa katika mwendo wa karibu kilomita 140 kwa saa, ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Vichwa viwili na mabehewa yote 8 viliacha reli. Abiria 3 na dereva wa tipa walifariki, na watu karibu 150 walijeruhiwa. Makutano yale hayakuwa na taa wala geti, alama tu za kusimama. Barabara ya changarawe ilipanda mwinuko mkali na kuikata reli kwa mshazari wa nyuzi 45, hivi kwamba aliyekuwa kwenye lori alilazimika kugeuza shingo mpaka nyuma ya bega ili aone kinachokuja. Mkulima wa jirani alikuwa ameonya hadharani mwezi uleule. Jimbo lilikuwa limeyaweka makutano hayo katika mpango wa matengenezo. Ajali ikautangulia mpango. Baadaye yakafungwa kabisa, na Missouri ikatenga dola milioni 50 kwa ajili ya makutano mengine.

Kwa hiyo pale Mendon treni "ilitokea ghafla" kweli, lakini aliyeipa nafasi ya kutokea ghafla ni barabara. Bingwa hakulifurahia jibu hilo. Yeye hutafuta mtu wa kulaumu, na mwinuko haulaumiki.

Kinachomkera zaidi ni kamera ya pili, inayotazama ndani. Septemba 2008, Chatsworth, California, treni ya abiria ya Metrolink iligongana uso kwa uso na treni ya mizigo, watu 25 wakafa. Dereva wa Metrolink alikuwa akituma ujumbe wa simu. Metrolink ikafunga kamera ndani ya vyumba vya madereva, na chama chao kikakimbilia mahakamani kupinga. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kamera mwaka 2015, na kanuni yenyewe ikatoka Oktoba 2023: treni za abiria zirekodi nje na ndani, zihifadhi walau saa 12 za mwisho. Treni za mizigo hazikulazimishwa. Miaka 15 kutoka Chatsworth hadi kanuni, halafu wanasema treni ndiyo inayochelewa kusimama.

Hata hivyo kamera haijawahi kulisukuma gari kutoka relini. Kazi yake huanza watu wakishakufa. Waingereza walijifunza hilo Ufton Nervet, ambako Novemba 2004 treni ililigonga gari lililokuwa limesimama juu ya reli, watu 7 wakafa. Daraja la barabara lilifunguliwa mahali hapo Desemba 2016. Reli ya kisasa ya Tanzania, SGR, kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyozinduliwa rasmi 1 Agosti 2024, haikungoja: barabara hupita juu yake au chini yake. Bingwa aliukagua uzio na madaraja hayo, akatangaza kwamba saruji imepotea bure na taaluma yake imehujumiwa.

Imebaki reli ya zamani, inayokatiza mitaa ya watu kama Tabata Relini jijini Dar es Salaam, na huko ndiko alikohamishia mihadhara. Msomaji, ukimkuta hapo anahutubia, simamisha gari kabla ya reli, zima redio, shusha kioo, tazama kulia na kushoto. Ukishavuka ndipo umcheke.