Tundu la laki nne na nusu

Shangazi yangu hajanisamehe mpaka leo. Kwenye harusi ya binti yake mwaka jana nilijitolea kupiga picha, tena bure, na katika picha mia tatu na ushee nilizopiga ukumbini aliyetoka vizuri ni ndafu. Ndafu unamwona mpaka mishipa ya majani aliyobanwa mdomoni. Sababu yake ni moja tu: alikuwa ametulia. Wengine wote, kuanzia bibi harusi mpaka MC, walikuwa hai, na aliye hai huchezacheza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huyu ni nani?" Akanisogezea simu.

"Si ni wewe, shangazi."

"Mimi ni moshi?"

Nikamwambia kosa ni la lenzi. Hakuamini, na mimi mwenyewe sikuwa na hakika, ila usiku ule sikulala mpaka nikajua. Kamera yangu ilikuja na lenzi ya 18-55, ile inayokaa kwenye boksi moja na mkanda na chaja. Mchana, uani, watoto wakichezea maji, inapiga vizuri tu, sitaki kuidhulumu. Tatizo ni yale maandishi mbele yake: 1:3.5-5.6. Hizo ni namba za tundu linaloingiza mwanga, nazo zinakwenda kama nafasi za darasani: aliye wa kwanza ndiye mkubwa, aliye wa tano anaambiwa aongeze bidii. Ukiwa kwenye 18 tundu ni 3.5. Kadiri unavyovuta kuelekea 55 linasinyaa mpaka 5.6. Yaani ukitaka kumwona mtu kwa karibu ndipo lenzi inafumba macho.

Na ukumbi ule ulikuwa na taa za zambarau. Mpambaji alisema zambarau ndiyo rangi ya msimu. Kamera ikikosa mwanga inaacha shata wazi kwa muda mrefu ili iokoteze kilichopo, na mimi ilinipa sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Mtu aliyesimama hawezi kwenda popote kwa muda huo. Shangazi akiwa kwenye mstari wa kwaito anakwenda na kurudi. Nikapandisha ISO mpaka 6400, nyuso zikawa kama zimenyunyiziwa pumba. Nikawasha ile flashi ndogo ya juu ya kamera, wazee wa meza kuu wakang'aa kama maandazi yaliyotoka kwenye mafuta, na nyuma yao giza kama hakuna harusi.

Dawa, nikaambiwa, ni lenzi ya kuvuta yenye 2.8 mwanzo mpaka mwisho, isiyosinyaa. Kutoka 5.6 kwenda 2.8 mwanga unaongezeka mara nne. Mara nne! Nikamweleza mama watoto kwa furaha hiyo hiyo.

"Kwani hiyo kamera haina lenzi?"

"Inayo."

"Sasa?"

Hiyo "sasa?" nilihangaika nayo siku tatu, na bado jibu lake sinalo.

Washauri, kwa upande mwingine, ni wengi kuliko kamati ya harusi. Mpwa wangu, ambaye hana kamera lakini ana bando, alisema ninunue 24-70, ndiyo lenzi ya wanaume. Halafu akaongeza kwa upole, "Lakini mjomba, sensa ya kamera yako ni ndogo." Nikamwambia sensa ilipita 2022 na tulihesabiwa wote. Kumbe anasema kile kipande cha ndani kinachopokea picha. Kikiwa kidogo kama changu, kila milimita inazidishwa kwa 1.6, kwa hiyo 24 yake inakuwa kama 38. Ili kamati nzima ienee kwenye picha ningerudi kinyumenyume mpaka kwenye masufuria ya wapishi. Mwingine akanisifia 50 yenye tundu la 1.8: ndogo, rahisi, na gizani inaona kama paka. Ni kweli. Ila haivuti. Kwangu mimi inakuwa kama 80, yaani ukimpata bwana harusi bibi harusi anabaki nje, na ndugu wa upande wa kike hawatakuelewa.

Nikashuka mjini, mtaa wa Samora. Wauzaji wa lenzi wanapima kwa urefu, kama kitambaa. Kijana mmoja akanitolea 18-200, akaivuta ikatoka kama mkonga. "Hii, bosi, ukisimama hapa inavuta mpaka Kigamboni."

"Mimi sitaki Kigamboni. Nataka keki."

"Sasa bosi, ukishakuwa na Kigamboni, keki utaikosaje?"

Nusura nilipe. Nilichomoka baada ya kusoma maandishi ya mbele, nikakuta tundu linasinyaa mpaka 6.3. Hiyo ingemgeuza hata ndafu kuwa moshi.

Kwa kamera za ukoo wangu, ukoo wa Canon, lenzi zilizobaki ni kama tatu. Canon wenyewe walitoa 17-55 ya 2.8, lenzi ya heshima. Mpya nilitajiwa bei ambayo ningeongeza kidogo ningetoka na bodaboda. Sigma walitoa 17-50 ya 2.8, ina gramu 565, yaani zaidi ya nusu kilo ya sukari shingoni tangu mnuso mpaka shampeni. Na Tamron walitoa 17-50 ya 2.8 mwaka 2006, halafu baadaye wakaitolea nduguye mwenye kituliza mikono. Wenye kujua wanabishana kuhusu hao ndugu wawili kama wa Simba na Yanga, wengi wakisema mkubwa asiye na kituliza ndiye mwenye macho makali. Mimi sikuingia. Nilishajua kwamba kituliza kinatuliza mkono wangu, shangazi hakimtulizi. Tena hakuna hata moja inayopokea kichujio changu cha 58, maana zinataka 67, 72 au 77. Sasa hivi kinakaa chini ya kikombe cha chai.

"Bei nafuu" ni neno ninaloanza kulichukia. Nilikuwa na laki tatu. Laki tatu, nikaambiwa, ni bei nafuu ya mtumba. Mtumba wa kwanza ulikuwa wa kamera za Nikon, na muuzaji akasema itaingia tu, nisukume. Wa pili nilifanya nilivyofundishwa: nikawasha tochi ya simu, nikamulika kutoka nyuma, nikachungulia mbele. Ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe zimetambaa pembeni mwa kioo, laini kama utando wa buibui mchanga. Fangasi. Joto na unyevu wa Dar ukikutana na lenzi iliyolala mwaka mzima kwenye mfuko wa ngozi, hayo ndiyo matokeo. "Hilo ni vumbi, bosi," akasema muuzaji. "Ukiitumia sana linatoka." Nilimshukuru, nikaondoka bila kuingizwa mjini, jambo ambalo naomba liandikwe mahali.

Niliyonunua hatimaye ilikuwa safi, laki nne na nusu, na nilimwambia mama watoto laki mbili. Sitaitaja jina kwa kuwa wenyewe hawajanilipa. Inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ndoo ilikuwa ya unga. Kwenye hilo tunaendelea na mazungumzo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kanisani, ndoa ya jirani. Mwanga ulitosha, mkono ulitulia. Padri akauliza swali lenyewe, kanisa zima likanyamaza kumsikiliza bibi harusi, na lenzi yangu ikachagua muda huo kumtafuta: ziii-zi, ziii-zi, kama mashine ya unga iliyoishiwa mahindi. Padri akasita. Fundi mitambo akainuka kwenda kuangalia spika.

Juzi shangazi akaniita kwenye kipaimara cha mjukuu wake, nafikiri kwa kunihurumia. Nikapiga mtoto akikata keki, shangazi amesimama nyuma yake, hatua tatu hivi, kavaa kitenge kipya na anatabasamu. Mtoto ametoka unaweza kuhesabu kope zake.

"Mwanangu, si uliniambia umenunua lenzi nyingine?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mbona nimerudi kuwa moshi?"

Nikamweleza kwamba tundu likiwa pana hivyo, aliye mbele anatoka makini na aliye nyuma anayeyuka, na kwamba huo ni ustadi, watu wanautafuta. Moshi wa mwaka jana ulikuwa wa bure. Huu nimeulipia laki nne na nusu.

Hakujibu. Akaendelea kutelezesha kidole kwenye simu, picha baada ya picha, mpaka akamfikia ndafu, ametoka mpaka chembe za chumvi mgongoni. Akamgeuzia simu mgeni aliyekaa pembeni yake.

"Huyu ndiye shangazi yake," akasema.