Namna ya Kuifanya Shahada ya Miaka Mitatu Ikuchukue Sita

Kwanza kabisa, usimwige Mwalimu Nyerere. Yeye aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, na ilipofika 1952 akatoka na M.A. yake. Haraka za nini? Barua yako ya udahili inasema miaka mitatu, kama wewe ni mtu wa sanaa au biashara. Uhandisi minne, udaktari mitano, halafu mwaka mwingine wa kuzungushwa wodini. Namba hizo zichukulie kama dua: zinaombwa, hazidaiwi.

Wanaoanza hukosea hapa: wanadhani kuchelewa kunataka ufeli sana. La hasha. Ukifeli sana utadisko, na aliyedisko hachelewi, amekwenda nyumbani. Ustadi ni kubakiza kitu kidogo. Chagua somo moja la mwaka wa kwanza, lile ambalo kila mtu analidharau, Stadi za Mawasiliano kwa mfano. Kwa kawaida alama 40 ni za kazi za muhula, 60 ni za UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Hizo 40 zipoteze kistaarabu: kwenye kazi ya kikundi hakikisha jina lako limo, ila wewe mwenyewe usiwemo. Siku ya kuwasilisha vaa suti, simama karibu na projekta, kazi yako iwe kubonyeza slaidi. UE ikikaribia, omba madesa usiku wa kuamkia mtihani, yapige picha kwa simu kurasa zote, kisha lala. Wako wanaoamini kwamba desa likishapigwa picha limeshasomwa, jiunge nao.

Sapu, yaani mtihani wa marudio, itakuja Septemba, wenzako wakiwa makwao. Ukiifaulu, vyuo vingi havikupi zaidi ya C, kwa hiyo hata sababu ya kuisomea huna. Ukishaifeli unalibeba somo kwenda nalo mwaka wa pili, na hapo ndipo utamu unapoanza. Somo lenyewe hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, Jumanne saa mbili asubuhi, saa ileile ambayo darasa lako lina kipindi cha lazima. Ukilikosa muhula huo, unalingoja mwaka mzima. Hivyo ndivyo mtu anavyofika mwaka wa nne wa shahada ya miaka mitatu akidaiwa somo moja, kakaa kwenye chumba cha mtihani na ndevu zake, na kijana aliyetoka JKT juzi anamwamkia "Shikamoo mwalimu", akidhani ndiye anayegawa karatasi.

Njia ya pili haihitaji kipaji. Inaitwa ada. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005, na si kila anayeomba hupata, wala anayepata hapati yote. Unaweza kupewa bumu la chakula na malazi, halafu kwenye ada ukapewa kipande; kilichobaki ni cha baba, na baba anangoja mahindi yapande bei. Bila kulipa hujasajiliwa, na asiyesajiliwa jina lake halimo kwenye orodha ya mtihani, hata kama amehudhuria kila kipindi na kukaa kiti cha mbele. Anajaza fomu ya kuahirisha mwaka, anarudi kijijini, anafundisha tuisheni. Ukimwuliza mtu wa nje kwa nini wanafunzi wanachelewa, atakwambia starehe. Mimi nasema wengi wa waliochelewa waliisubiri hela, na hao hawakuhitaji mwongozo wa mtu yeyote. Ukijaribu njia hii kwa makusudi, kumbuka Bodi inakopesha kwa urefu wa kozi, si kwa urefu wa safari yako.

Zamani mambo haya yalisimamiwa na taifa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilimtaka mhitimu wa kidato cha sita apitie JKT, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, asifiwe na mwajiri na chama, ndipo aombe chuo. Mei 1990 serikali ikakifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baada ya mgomo, wanafunzi wakarudishwa makwao hadi mwaka uliofuata. Wa juzi walipata korona tu: vyuo vilifungwa Machi 2020, na kufika Juni mosi tayari watu wanaitwa darasani. Kizazi hiki kinajitegemea.

Mwenye haraka ya kuchelewa asome sheria. Miaka minne pale Mlimani, kisha Shule ya Sheria kwa Vitendo, ambayo matokeo yake ya mwaka 2022 yalifanya nchi nzima ishike kichwa: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Kamati iliundwa, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Kamati nayo huchukua muda wake.

Na kama shahada ya kwanza umeimaliza kwa wakati, bahati mbaya hutokea, usikate tamaa. Uzamili upo. Tafuta msimamizi mwenye vyeo: mjumbe wa bodi mbili, mkuu wa idara, mtu ambaye ukimpigia yuko Dodoma. Mtumie sura ya kwanza. Itarudi baada ya miezi miwili, na pembeni ya aya yako nzuri kuliko zote kumeandikwa kwa wino mwekundu: "Je?" Je nini? Usimwulize. Ifute aya, mrudishie. Safari hii ataandika: "Mbona umeiondoa?" Baada ya hapo fuata kibali cha utafiti: barua ya chuo kwenda kwa katibu tawala wa mkoa, ya mkoa kwenda wilayani, ya wilaya kwenda kata, na mtendaji wa kata yuko msibani. Ukishakusanya data, badilisha mada.

Kuna jambo la nyumbani. Ndugu watauliza, hasa kwenye harusi. "Unamaliza lini?" Jibu moja tu limethibitika: "Nipo hatua za mwisho, mjomba." Halina tarehe, halina uongo, na linatumika hata miaka minne mfululizo ilimradi usilitumie kwa shangazi. Shangazi ataomba kuona matokeo.

Siku utakapoamua kumaliza, kwa kuchoka au kwa kuoa, utapewa fomu ya kuaga chuo yenye sehemu za kusaini: maktaba, bweni, idara, fedha, hata michezo, ambako hukuwahi kukanyaga. Maktaba watakudai kitabu cha mwaka wa kwanza. Kilipe. Ukipata ajira, mwajiri anatakiwa kukukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi kulipa mkopo, kama sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016. Miaka ya ziada uliyojiongezea haipunguzi kitu hapo, kwa hiyo usijisumbue kuandika barua.